Rupia ya Bibi Redempta na sonara aliyegoma kuiyeyusha

Saa mbili asubuhi Sumbawanga bado ni baridi tupu. Ni Julai, na upepo wa Ufipa unapita katikati ya vibanda vya soko bila kubisha hodi. Wauza ulezi wamejitanda vitenge viwili viwili, madereva wa bodaboda wamekunja mikono kwapani. Adolfu Kasonso, sonara mwenye umri wa miaka hamsini na saba, amekwisha kuwasha mkaa na anauchochea kwa mvukuto wa mguu, taratibu, kama mtu asiyetaka moto ukolee.

Mbele yake, juu ya kitambaa chekundu, ipo rupia moja ya fedha ya zama za Wajerumani, yenye kitundu juu. Anaiokota, anaigeuza, anairudisha. Baada ya muda anaiokota tena. Leo mwenye nayo anakuja kutoka Laela kutoa uamuzi: iuzwe, au iingie motoni iwe pete.

Adolfu hataki iingie motoni. Hafichi. "Ikiyeyuka, tumekula hasara ambayo hakuna atakayeijua," anasema, akiwa ameinamia mkaa.

Ajabu ni kwamba kuyeyusha sarafu ndiyo kazi iliyomlea. Babu yake alifua majembe, baba yake akahamia kwenye fedha, naye akarithi nyundo, koleo na wateja. Wateja wenyewe ni familia za Kikatoliki za vijiji vya huku juu, zenye desturi moja wasiyoibadili: bibi wa bibi harusi hutoa rupia yake ya zamani, ile aliyoivaa shingoni tangu usichana, na sonara huifanya pete mbili. Lazima zitoke kwenye sarafu moja. Bwana na bibi wavae fedha iliyopikwa chungu kimoja, wanasema, wasije wakagawanyika.

Pete mbili, ufundi wake, ni shilingi elfu thelathini. Kuanzia Mei hadi Oktoba, mahindi yakishatoka shambani na harusi zikaanza kufuatana, Adolfu hupata laki tatu kwa mwezi, mwezi mwingine nne. Masika yakiingia anarudi kwenye kuziba hereni na kukaza mikufu, na hapo mkewe, Josefina, ndiye anayeshika nyumba kwa kuuza maharage.

Kwa miaka mingi hakujua wala hakujali kilichoandikwa kwenye sarafu. Mtu akileta, anapima uzito, anatia chunguni, basi. Aliyemfungua macho ni Bundala, mnunuzi wa vitu vya kale, Msukuma mcheshi wa Shinyanga, anayepita Sumbawanga mara mbili kwa mwaka akitokea Tunduma. Bundala hukusanya sarafu na kuwauzia watu wa Dar es Salaam, nao huwauzia wakusanyaji wa ng'ambo.

Siku moja, miaka minane iliyopita, Bundala alikaa pale pale kibandani akamwonyesha kwenye simu picha za kitabu cha wakusanyaji. Kila mwaka una idadi ya sarafu zilizotengenezwa. Miaka mingine zilitoka nyingi mno, miaka mingine kiduchu. Adolfu alikodoa macho, chai ikapoa mkononi. Tangu siku hiyo hatii sarafu motoni kabla ya kusoma mwaka.

Na tangu siku hiyo ana ugomvi na wakusanyaji wa dunia nzima, watu ambao hajawahi kuwaona. Ugomvi wenyewe ni huu: bei. Sarafu kubwa zenye kung'aa, zenye sura ya mfalme isiyosagika, zinagombaniwa. Lakini rupia ya mwaka wa uchache, ikiwa imechakaa kidogo, inauzwa kwa bei inayozidi uzito wake wa fedha kidogo tu. Adolfu akifika hapo hupandisha sauti, na mwenye kibanda cha pili, aliyekwisha kuisikia hotuba hiyo mara nyingi, huongeza sauti ya redio.

"Kitabu kinahesabu zilizotoka kiwandani. Nani amehesabu zilizoingia kwenye chungu changu? Na cha baba yangu? Na cha masonara wa Kasanga, wa Mbeya, wa Tabora? Kitabu kikisema zilitoka elfu kadhaa, wao wanadhani zipo elfu kadhaa. Hazipo. Tumezivaa vidoleni."

Bundala, tuliyempata kwa simu akiwa Tunduma, hakubishi kwamba sarafu hizo ni adimu. Anabisha mahali pengine, na kwa kweli hoja yake si ya kudharau. Anasema mkusanyaji hununua anachokijua na anachokiona sokoni mara kwa mara. Sarafu ikizidi kupotea, watu wanaacha hata kuitafuta, kwa sababu hawana wa kushindana naye.

"Mzee Adolfu ana haki, lakini haki haina bei," alisema Bundala. "Bei ni watu wawili kugombea kitu kimoja. Kile chake hakuna anayekigombea."

Mwaka jana, mwezi kama huu, ugomvi huo uliacha kuwa maneno ya kibandani. Bibi Redempta, mkulima wa Laela mwenye umri wa miaka themanini na moja, alifika akiwa ameishika rupia hii ndani ya leso, pamoja na mjukuu wake Hellena. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Adolfu alifungua leso, akasoma mwaka, akausoma tena. Ni mwaka ambao kitabu kinauhesabu miongoni mwa ile ya uchache, naye hajauona kwa macho yake zaidi ya mara mbili. Ameomba tusiuandike, maana anajua gazeti likiutaja, kesho vijiji vyote vitapinduliwa magodoro.

Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ashike nyundo. Alimwambia mteja asubiri. Akamweleza bibi, kwa mapenzi yake yote na sarafu hizo, kwamba hii inaweza kumpatia mtamba, pengine na ndama juu. Akamsihi amwachie, yeye atatafuta bei halali, na pete zinunuliwe dukani kwa muda.

Bibi Redempta hakupenda. Lakini mtamba si kitu kidogo kwa mama anayelima kwa mkono, na Adolfu ni mtoto wa sonara aliyemtengenezea yeye mwenyewe pete zake. Akakubali, ila akaweka sharti: mwaka mmoja tu.

Hellena na Gabriel wakafunga ndoa kwa pete za dukani. Adolfu alialikwa, akakaa benchi la nyuma kabisa kanisani. Anasema padre alipozibariki pete zile, alitamani benchi limfunike.

Na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Kumbe Bibi Redempta, kabla hajatoka Laela, alikuwa ameisugua rupia kwa majivu na limao, akaisuuza, akaisugua tena mpaka ikameta. Ndiyo heshima. Hakuna mwanamke wa huku anayepeleka kitu kichafu harusini, kama vile hakuna anayetoa sufuria yenye masizi mbele ya wakwe. Adolfu naye, kwa furaha yake, hakulitilia maanani. Kila rupia ya harusi huja imesuguliwa, na kwa fundi wa kuyeyusha, kusugua hakupunguzi kitu.

Kwa mkusanyaji, kunaua. Wao wanataka ule weusi wa miaka, ngozi yenyewe ya sarafu. Bundala alipoona picha aliguna tu. Kitundu peke yake, alisema, kingepunguza bei. Kitundu na majivu vimeimaliza. Alitoa shilingi elfu arobaini, na hapo kwa urafiki. Adolfu alikuwa akiiwazia laki nane.

Hakukata tamaa. Alituma picha Mbeya, akatuma Dar, akampigia mtu wa Zambia kupitia manahodha wa Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika. Kuna aliyesema thelathini na tano. Kuna aliyesoma ujumbe akanyamaza. Mmoja aliuliza kama anayo ile nyingine, ya sura kubwa inayong'aa. Mwaka ukakatika hivyo, na kila mara simu ya Laela ilipoita, Josefina anasema, mumewe alikuwa anatoka nje kuipokea na kurudi akiwa mdogo.

Saa nne kasoro wanafika. Bibi Redempta anatembea kwa fimbo lakini hashikwi mkono. Hellena amembeba mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Adolfu anasimama, anatoa shikamoo, anampisha bibi kiti chake mwenyewe na kukaa juu ya debe.

Anamweleza yote bila kupunguza. Majivu, kitundu, elfu arobaini. Anasema kosa ni lake, kwa kuwa alimpa mama mzima tumaini la ng'ombe kabla hajawa na mnunuzi. Kisha anatoa pendekezo lake la mwisho, ambalo ameliandaa kwa wiki nzima: anayo rupia nyingine, ya mwaka wa kawaida, uzito ule ule, fedha ile ile. Atayeyusha hiyo, atengeneze pete bure, na ile ya bibi ibaki salama mpaka dunia iamke.

Bibi Redempta anaitazama rupia ya pili bila kuigusa. Anauliza ni ya nani. Adolfu anasema aliinunua kwa mtu wa bonde la Rukwa, hakumbuki jina.

"Simvishi mjukuu wangu bibi wa watu," anasema Bibi Redempta.

Hellena anacheka kidogo, halafu anaacha. Anaonyesha kidole chake cha pete. Ile ya dukani ilimwachia alama ya kijani, akaivua Kwaresima, na tangu hapo anaenda kanisani akiwa ameficha mkono ndani ya kitenge. Hajawahi kumwambia Adolfu. Anamwambia sasa, kwa upole, bila lawama, na upole huo ndio unaomchoma.

Bibi anaendelea. Anauliza hao watu wa kitabu, wakiipata hii, wataivaa? Adolfu anajibu hapana, wataiweka ndani ya kasha. Watampa nani wakifa? Adolfu anasema wataiuza. Bibi Redempta anatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu aliyeonyeshwa shamba zuri lililoachwa bila kupandwa.

"Wewe unasema wanaipunja thamani," anamwambia. "Ni kweli mwanangu, wanaipunja. Na wewe ulikuwa unataka niwauzie. Ipike."

Adolfu anaipokea. Anausoma mwaka kwa sauti ya chini, mara ya mwisho, kisha anaiweka chunguni na kukanyaga mvukuto, safari hii kwa nguvu. Mkaa unawaka mweupe. Sura ya mfalme inalegea, herufi zinazama, na kwa kitambo kifupi chunguni hakuna kitu ila tone zito linalotetemeka. Adolfu anajifuta macho kwa mgongo wa mkono na kusingizia moshi.

Alasiri pete mbili ziko tayari. Hellena anavaa yake hapo hapo. Ya Gabriel inafungwa kwenye leso. Bibi Redempta anatoa elfu thelathini, Adolfu anakataa, wanasukumana kidogo, na mwishowe anapokea elfu kumi ya mkaa.

Wageni walipoondoka kuwahi basi, tulimuuliza sasa ana mpango gani. Hataacha kusoma miaka, anasema. Anataka, harusi za mwaka huu zikiisha, azunguke vijijini Jumapili baada ya misa, awaombe akina bibi jambo moja: wasisugue tena rupia kwa majivu. Waje nazo nyeusi zilivyo, awasomee mwaka wao, awaambie ukweli wa bei, halafu waamue wenyewe. Wakisema ipike, atapika.

Kuhusu wakusanyaji, bado anaamini siku moja watakuja kuzitafuta kwa tochi.

"Watafungua kitabu chao, watakuta ya Bibi Redempta imehesabiwa bado ipo," anasema, akifagia majivu. "Waje Laela. Wamwombe Hellena awape mkono."