Mtawa Mpishi na Hotuba ya Seok-gyu

Umewahi kumhutubia mtu anayesugua bakuli lake kwa kipande cha figili? Seok-gyu alimhutubia mtawa mpishi wa hekalu la mlimani baada ya chakula cha jioni, na hotuba yenyewe alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi. Kesho tingatinga lingekuja kuufukia mto wa bondeni ili ujengwe uwanja wa gofu, naye alitaka watawa washuke walizuie. Alinukuu wanafalsafa watatu. Mtawa alizungusha figili polepole kwa kidole chenye kovu la kisu, akaitafuna, akamimina maji bakulini, akayanywa pamoja na masalia yote, kama afanyavyo kila mlo.

"Mama Mtawa, dunia inateketea na wewe unaosha vyombo?"

"Bakuli lako bado lina wali, mwanangu," alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Maliza kwanza, halafu uikomboe hiyo dunia."

Seok-gyu alimaliza huku amenuna, akaenda kulala akiwahurumia watu wasio na moyo wa mapambano. Akapitiwa na usingizi. Asubuhi aliposhuka mbio kwenye mvua na kipaza sauti chake, alimkuta mtawa ameketi katikati ya barabara ya kwenda mtoni, mbele ya tingatinga lililozimwa, na dereva amesimama kando yake akimshikia mwavuli.