Cheti cha Kifo cha Mjomba

Wakili alitaka karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba mjomba wangu alikataa kuingizwa katika jeshi la waasi kule Kivu, wakati wa vita. Mwenye shahada nyumbani nilikuwa mimi, kwa hiyo maelezo yake ya kuomba ukimbizi niliyaandika mimi, kwenye meza ya jikoni kwetu Lewisham, huku ughaibuni.

Karatasi ilikuwapo moja tu: cheti cha kifo chake.

Waasi walikuwa wakidai kijana mmoja kwa kila nyumba. Mtaa ukakubaliana kuwawekea vijana matanga wakiwa hai. Wapiganaji walipofika walikuta mikeka imetandikwa, wanawake wanalia, na kaburi bichi ambamo lilizikwa gogo la mgomba ndani ya shuka. Chifu akatia sahihi cheti cha kifo. Mjomba alikuwa darini, anakula maharage ya msiba wake mwenyewe.

"Mjomba, maiti haombi ukimbizi," nilimwambia.

"Andika tu, mwana. Kule kwetu kila mutu anajua nilikufa."

Nilikwama hapo siku nne. Tukikionyesha cheti, maofisa wa uhamiaji watasema huyu ni mtu mwingine anayetumia jina la marehemu. Au watasema, kama cheti ni cha uongo, kwa nini tuamini mengine? Tukikificha, hatuna kitu, na watamrudisha. Mwishowe niliandika kurasa tatu bila kukitaja, huku nimemkasirikia mjomba, chifu, hata ule mgomba.

Kwa wakili, kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa kwanza, mjomba akatoa cheti mfukoni, akakiweka mezani.

"Huyu marehemu ni nani?" wakili akauliza.

"Ni mimi," alisema mjomba. Nikatafsiri, masikio yananiwaka.

Wakili alinisikiliza nikieleza yote, kisha akanirudishia kurasa zangu. Tuanze upya, alisema, na cheti ndicho kiwe mwanzo, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha jinsi alivyowakwepa waasi. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa.

Nje, kati ya vibanda vya soko, nilimfokea mjomba. "Siku nne zangu zote!"

"Unawaza sana, mwana. Chifu alitia sahihi bunduki ziko mlangoni. Wewe unataka nimufiche?"

Nyumbani nilifungua ukurasa mtupu nikaandika: "Majirani zangu walinizika ili nisichukuliwe." Nikaifuta sentensi hiyo. Nikaiandika tena, ileile.