Mkunazi wa Vali ya Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa spana yenye uzito wa ng'ombe mwenye mimba, nikaambiwa nilifuate bomba mpaka nimkute mtu anakunywa chai. Huyo ndiye bosi wangu. Nilitembea saa nzima katika jua la Juni la Maskati, jua la kukaangia sambusa juu ya kofia ya mtu, mpaka nikamwona Msimamizi wa Mstari amekaa juu ya sanduku la zege, birika pembeni.

"Wewe ndiye uliyesoma masomo ya usiku?" akaniuliza. Yeye mzaliwa wa Tabora, mimi wa Unguja, wote Waarabu wa Omani kwa karatasi.

"Ndiye mimi."

"Basi daftari lako. Mimi na kalamu tumeachana talaka tatu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa daftari la ukaguzi, na balaa lote nnaloliandika hapa lilianzia hapo.

Wenzetu katika nchi nyengine wana reli zilizokufa, wakazigeuza njia za kutembea. Sisi mjini hatukuwa na reli. Tulikuwa na bomba, na ukanda wa ardhi uliolifuata bomba hilo nyuma ya mtaa wa Mawaleh, mwembamba na mrefu. Nyinyi vijana mnaopita pale leo na baiskeli zenu mnadhani miti ile iliota yenyewe. Nnakasirika kila nikilisikia neno hilo, na daktari kanikataza kukasirika.

Bomba refu likijaa maji, hewa hujikusanya kwenye miinuko, na hewa ikikwama maji hayapiti. Kwa hivyo kila mwinuko una vali ya hewa, nayo ni kichwa cha chuma ndani ya sanduku la zege, kinachoachia hewa na kuzuia maji. Vali nzima haivuji hata tone. Zetu zikivuja zote, kwa sababu tukizivujisha sisi.

Ilikuwa ada ya genge letu. Mtu akifiwa na mzazi, Msimamizi humwacha akae matanga siku tatu. Akirudi, humkabidhi mche na nambari ya vali. Mtu anapanda, kisha anailegeza nati robo mzunguko, tone linaanguka, na tone halikomi tena. "Sadaka ya jariya," akisema Msimamizi. "Kila atakayekaa kivulini, thawabu kwa mzee wako."

Mama yangu alifariki mwaka wangu wa nne kazini. Nikapewa vali ya kumi na tisa. Nikapanda mkunazi, nikalegeza nati, nikasoma Fatiha. Mti ule ulikua mbio kama uvumi wa harusi. Haukupita muda mrefu wanawake wa Mawaleh wakawa wanakuja na vikapu kuchuma majani ya kuoshea maiti. Sijui nyumba ngapi zimewakosha watu wao kwa majani ya mama yangu. Nikiwaona, nikijifanya nnakaza kitu.

Sasa daftari. Kila mwezi nilitakiwa kuandika hali ya kila vali, na kila mwezi niliandika neno moja, kavu. Ningeandika nini? Ofisini wakiona maji yanapungua njiani na hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Mhandisi Mkuu wa kwanza akaleta chombo cha kusikiliza bomba, akalala kifudifudi mchangani kama anayesikiliza mtoto tumboni. Mhandisi Mkuu wa pili akabadilisha mita zote. Wa tatu aliniita.

"Ya Said, vali zako vipi?"

"Kavu, bwana."

"Zote?"

"Zote."

Akanipa barua ya pongezi kwa hati nzuri. Msimamizi alipoiona alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Msimamizi alistaafu, nikapanda cheo nikawa Mkaguzi Mkuu. Bomba jipya likapita kando ya barabara kuu, la zamani likafungwa. Hapo ndipo likaja wazo la kuugeuza ukanda ule njia ya kijani ya kutembea na baiskeli. Nililipenda wazo lile kuliko yeyote ofisini. Nikajiona nimestaafu, nnatembea chini ya mkunazi wa mama, watoto wananipita na kengele zao.

Kisha nikaiona ramani ya washauri. Hao walikuwa watu wa kampuni ya kukodi, waliohesabu miti kupitia dirisha la gari lenye kiyoyozi. Mipira ya matone, ile yenye vitundu inayolazwa ardhini kumwagilia mimea, waliipanga kwenye majani laini na maua ya milangoni. Kwenye miti yetu, mikunazi na mighafu, ile miti ya miba ya jangwa la Omani, jumla thelathini na moja, waliandika: miti ya asili, haihitaji maji.

Ni kweli mghafu wa jangwani huteremsha mzizi mpaka uyapate maji, hata yawe Bombay. Lakini mti uliolelewa kwa tone la kila siku hauteremshi kitu. Kwa nini ujisumbue? Mizizi yake iko juu juu, na tone limeshafungwa. Nikasimama kikaoni nikayasema hayo mbele ya Mkurugenzi wa Miradi.

"Tone gani?" akauliza.

"La vali. Zikivuja."

Akaagiza madaftari ya zamani. Yalikuja kwenye toroli, wallahi. Akafungua moja, akafungua jengine, akanigeuzia.

"Hati hii ya nani?"

"Yangu."

"Nisomee."

"Kavu."

"Na hapa?"

"Kavu."

"Basi ama ulikuwa muongo wakati ule, au muongo leo. Nichagulie."

"Wakati ule," nikasema. Meza nzima ikacheka, na mmoja wa washauri akaniuliza kama mti nao ulikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi.

Mkurugenzi hakucheka. "Niandikie karatasi," akasema, "kwamba ulimwaga maji ya watu kwa makusudi na ukayaficha. Saini. Nitabadilisha ramani leo leo. Na usiniambie ni sadaka, Said. Mtu hatoi sadaka kwa mfuko wa jirani."

Kalamu iko mbele yangu. Nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu. Msimamizi bado yu hai, na wana wa genge lile wengine ni watu wa heshima mjini. Nikakaa chini. Ramani ikapita kama ilivyo.

Njia ikafunguliwa kwa kahawa na halua. Nikaagwa kazini kwa saa ya ukutani na hotuba iliyosema kwamba madaftari yangu ni mfano kwa vijana. Kiangazi cha kwanza mikunazi ikapukutisha majani. Cha pili ikaanza kukauka, na idara ikajenga vivuli vya chuma mahali pake, vivuli ambavyo ukivigusa saa saba mchana unaacha ngozi. Nikijaza madumu nikipeleka kwa gari, lakini mzee mmoja na madumu manne hawezi kuwa bomba. Wanawake wa vikapu wakiniuliza mti umepatwa na nini. Nikisema joto.

Nimewakasirikia washauri kwa dirisha lao na Mkurugenzi kwa ulimi wake. Nimemkasirikia Mhandisi Mkuu wa tatu aliyesifu hati bila kufunua sanduku hata moja. Nikiwamaliza wote hubaki mimi, na kwangu hasira hainipungui.

Mwaka huu alinijia nyumbani mhandisi kijana, Rayya, aliyekabidhiwa njia ile. Alikuwa amefunua masanduku. Kila nati imelegezwa, kiasi kile kile.

"Ammi Said, hii ni kazi ya mtu."

"Ya watu."

"Nataka mpira wa matone kwa iliyobaki. Wananitaka ushahidi, na ushahidi wote uliopo ni wako, na unasema kavu."

Mke wangu alituletea kahawa, akasimama mlangoni, hakuondoka. Nikaomba karatasi. Nikaandika kila vali na aliyepanda mti hapo na aliyepandiwa, nikaandika kwamba daftari lote ni uongo na muongo ni mimi, nikatia saini jina kamili mpaka la babu. Rayya akasoma, akakunja.

Mpira umelazwa wiki iliyopita. Miti tisa iliyobaki itanywa. Wa vali ya kumi na tisa ulikatwa mwezi mmoja kabla.