Hodi ya Tatu

Churrr. Mpaka leo nikisikia mchele ukimiminwa kwenye ungo, moyo wanipaa. Ndivyo ulivyolia ule udongo uliokuwa ukimwagika kutoka darini siku ile. Msinicheke.

Tulitoka kwetu Al Khuwair, mjini Maskati, alfajiri, Baba, Bibi na mimi, bado mtoto, tukapanda mlima mpaka masikio yakaziba. Kijiji kilikuwa kimenata kwenye jabali kama viota vya mbayuwayu: nyumba za mawe na udongo, moja imekalia kichwa cha mwenzake, na juu kabisa mnara wa walinzi wenye matundu ya bunduki. Chini ulipita mfereji wa kale, wenyewe huuita falaji, ukinywesha mikomamanga. Watu walikwisha hamia bondeni. Babake Bibi alizaliwa kule juu. Falaji ilipokauka miaka ya ukame, akateremka, akaenda zake Unguja, na Bibi akazaliwa huko. Nyumba aliijua kwa kusimuliwa tu: mlango wa buluu, kizingiti kilicholika katikati. Alitaka aingie japo mara moja kabla haijaanguka.

Tukauona mlango. Mzee mmoja aliyekuwa akizibua falaji akatufuata na fimbo yake, akatuonya kwa Kiarabu kwamba boriti zimeoza. "Na nyie Wazinjibari, mnatafuta nini huku?"

Bibi alijitanda kanga vizuri, akasimama mbele ya kizingiti. "Hodi!"

Kimya. Churrr.

"Mama, hamna mtu humo tangu enzi na enzi," Baba akasema. "Tena nyumba ya Kiarabu hiyo, hodi itaijulia wapi? Chungulia, twende zetu."

"Mie siingii nyumba ya watu sijakaribishwa. Baba'angu ndivyo alivyonifunza. Hodi tatu, usipoitikiwa, geuza." Akavuta pumzi. "Hodi!"

Kimya tena. Yule mzee akacheka kidogo puani.

Mimi nikadhani ni ukaidi wa kizee tu. Nimekuja kufahamu juzi juzi, nilipoanza kuuza duka mtaani Hamriya, mteja akaniuliza natoka wapi, nikamwambia hapa hapa, naye akasema, "La, khasa khasa wapi?" Unguja Bibi aliitwa Mmanga, Mwarabu wa Omani, arudi kwao. Alipohamia Maskati akaitwa Mzinjibari. Umri wote ule, hakuna mlango uliowahi kumwambia kuwa yeye ni wa humo.

Siku ile nilichokiona ni kidevu chake, kinatetemeka. Hodi ya tatu alikuwa hajaipiga. Aliiogopa.

Nikavua ndara zisilie, nikazunguka nyuma, palipobomoka ukuta. Ndani giza, harufu ya popo na moshi wa zamani. Boriti ya mtende ikaguna juu yangu. Churrr, udongo ukaniingia shingoni. Nikajibana nyuma ya mlango, nimeshika pua nisije nikapiga chafya.

"Hodi," Bibi akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

Nikaishusha sauti yangu chini kabisa, ikawa nzito, ya kiume, ya kizee. Kiarabu cha watu wazima kilikuwa kikinipiga chenga, kwa hiyo nyumba ile ikaitika kwa Kiswahili:

"Karibu, mwanangu."