Vioo vya Wageni

Kwenye rafu ya juu ya kabati la maabara palikuwa na kisanduku cha mbao chenye vioo arobaini vya hadubini ambavyo hakuna mgonjwa aliyekuwa akisubiri majibu yavyo. Shangazi aliviita vioo vya wageni. Nyumba inayojiheshimu huwa na vikombe ambavyo watoto hawavigusi, na maabara hii nayo ilikuwa na vyake: vipande vya nyama ya mwili wa binadamu, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vimetiwa rangi ya waridi na zambarau, vikafunikwa kwa kioo kingine chembamba bila kapovu hata kamoja. Akija mkaguzi au mwanafunzi, kisanduku kilishushwa.

Vioo vya kazi vilikaa kwenye trei karibu na dirisha. Navyo vilikuwa vizuri, ila havikupata muda wa kujipamba.

Jina la Shangazi lilianza na watoto wa kaka yake, waliokuwa wakipitia pale wakitoka shule. Likawaambukiza wafanyakazi, kisha wagonjwa, mwisho hata mleta barua mwenye mvi akawa anamwita hivyo. Kwa miaka ishirini na sita yeye alikata nyama, na kaka yake daktari akavisoma vioo. Mmoja upande huu wa ukuta, mwingine upande ule na hadubini yake, katikati kidirisha cha kupitishia trei. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina la baba yao. Kaka alipofariki kibao kilibaki, na mjane wake, aliyekuwa akisimamia mapokezi, alikipangusa kila asubuhi kabla hata ya kuvua mkoba begani.

"Wifi, utakifuta mpaka herufi zitoke," Shangazi alimtania.

"Zikitoka nitaziandika upya. Wewe kata nyama zako."

Tangu msiba ule, vioo vilisomwa na daktari aliyewahi kuwa mwanafunzi wa kaka, ambaye sasa aliishi mji wa mbali. Vilipelekwa kwa basi, vimeviringishwa kwenye pamba kama mayai. Siku moja vitatu vikafika vimevunjika. Daktari alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyapanga maneno kabla ya kuinua simu.

"Shangazi, silaumu mtu. Lakini siwezi kuweka sahihi yangu juu ya vipande vya chupa. Nitafutieni mashine ya kupiga picha vioo, mimi nisome nikiwa huku huku. Mkiipata kabla mwezi haujaisha, tunaendelea. Msipoipata, mtafute msomaji wa karibu."

Msomaji wa karibu hakuwepo, na daktari alijua hivyo. Bila sahihi ya daktari hakuna majibu. Bila majibu, kibao kinashuka. Usiku ule wifi mtu hakugusa chakula.

Muuzaji wa kwanza alikuja na picha za mashine kubwa kama jokofu, inayomeza vioo mia kadhaa kwa mkupuo.

"Hiyo ina heshima," wifi akasema.

"Heshima ya nini? Sisi tukijitahidi sana tunatoa vioo kumi na vitano kwa siku. Hiyo itashinda njaa, halafu itatuweka nje ya chumba."

Wa pili alikuwa binti mmoja wa kampuni nyingine, aliyeingia amekumbatia mashine yenye ukubwa wa cherehani. Ilipokea vioo vinne kwa safari moja. Aliiweka mezani, na Shangazi akamhoji kama mtu anayeozesha mtoto wake wa pekee. Mlango ukibamizwa, picha inatikisika? Daktari ataifungua kwenye kompyuta yake bila kununua programu nyingine? Ikiharibika fundi anatoka wapi, na anachukua siku ngapi? Picha ya kioo kimoja ina uzito gani, maana mtandao wa hapa unakwenda kama mgonjwa aliyetoka kulazwa?

Binti alijibu bila kutia chumvi. Picha ni nzito, alisema. Wapunguze ukubwa wa eneo linalopigwa, na watume mchana wakati ofisi za jirani ziko mapumzikoni. Asilolijua alisema halijui. Shangazi akampenda kwa hilo. Binti aliwaachia mashine kwa majaribio ya wiki mbili, na akiwa mlangoni akageuka.

"Mama, ijaribuni kwa vioo vyenu vya kila siku. Hata vibaya. Hasa vibaya."

Mlango ulipofungwa, wifi alikunja uso. "Vibaya? Vibaya ameviona wapi hapa?"

"Ni maneno ya biashara tu, wifi."

"Hizo picha, watu wa kampuni wataziona?"

"Amesema fundi wao ataziangalia."

"Basi shusha kisanduku."

Kisanduku kikashushwa. Kwa siku tisa mashine ililishwa vioo vya wageni, huku vya wagonjwa vikiendelea kusafiri kwa basi, na kwa siku tisa ikatoa picha safi hata mtu angehesabu chembe moja moja. Daktari alisema hajawahi kuona kazi kama ile. Wifi aliandaa karatasi za ununuzi, akaziweka chini ya kalamu. Kilichobaki ni sahihi ya Shangazi.

Siku ya kumi alikuja fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Siku chache kabla alikuwa ametolewa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa titi. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, akawa anaukunja na kuukunjua ule utepe.

Shangazi aliweka kioo cha mama yule kwenye mashine, cha kwanza cha kazi kupita humo. Picha ikatoka na ukungu. Akakifuta kioo, akarudia. Ukungu. Akaituma hivyo hivyo.

"Shangazi," daktari akasema kwenye simu, "naona kama dirisha la jiko maji yakichemka. Hii siwezi kuisoma."

"Mashine imeugua leo."

"Siku zenyewe zimebaki nne, Shangazi."

Alikata simu akaitazama mashine kama mtu aliyesalitiwa. "Mnafiki mkubwa," akaiambia. "Rudi kwenu." Lakini kabla ya kuifunga kwenye boksi lake akarudisha kioo kimoja cha wageni. Picha ikatoka kama maji ya chemchemi. Akarudisha cha mama yule. Ukungu. Akachukua kingine kwenye trei ya dirishani, kisha kingine. Ukungu, ukungu.

Halafu akapita upande wa pili wa ukuta, akavua kitambaa kilichoifunika hadubini ya kaka yake, na kuweka kioo cha wageni. Aliigusa kidogo tu ile skrubu ya kusogeza lenzi, picha ikatulia. Akaweka cha kazi. Akazungusha. Akazungusha tena, na tena, mpaka kidole gumba kikachoka, ndipo chembe zikajitokeza, safi, hazina kasoro.

Alivichukua vioo vyote viwili, akapitisha ukucha ukingoni. Cha wageni kilikuwa laini. Cha kazi kilikuwa na kingo nene, kama mkate uliopakwa siagi na mtoto.

Gundi. Wakati wa haraka, yeye hudondosha tone la kwanza la kubandikia kioo cha juu, kisha tone la pili la kufukuzia mapovu. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote. Mkono wa mtu huzungusha skrubu, jicho likasamehe. Mashine haikuwa na habari na kusamehe. Ilitafuta nyama mahali ilipotegemea kuikuta, ikakuta gundi tupu.

Wifi alimkuta ameshika vioo.

"Gundi yangu ni nyingi," Shangazi akasema. "Kaka alikuwa anazungusha hii skrubu kila kioo, kila siku. Hakuwahi kusema."

Wifi akavuta kiti. "Alikuwa akirudi nyumbani anasugua kidole gumba. Anasema, leo dada yangu ameninywesha asali."

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza? Wifi gani wewe, uikose nafasi kama hiyo ya kunisema?"

"Alinikataza. Alisema mkono wako haujawahi kumkosea mgonjwa, na kidole chake hakina kazi nyingine ya maana." Wifi alikitazama kisanduku cha mbao pale mezani. "Nami ndiye niliyesema ukishushe. Tungemsikiliza yule binti, tungelijua hili siku ya kwanza."

Shangazi alivaa glavu. Kipande cha nta ambamo nyama ya mama fundi ilikuwa imegandishwa ili ikatike kilikuwa bado kipo. Alikiweka kwenye mashine ya kukatia, akatoa kipande kipya chembamba, akakielesha juu ya maji ya vuguvugu, akakiokota kwa kioo, akakikausha, akakitia rangi. Ilipofika zamu ya gundi, mkono wake wenyewe ulielekea tone la pili. Akaushika kwa mkono wa kushoto.

Tone moja. Kapovu kadogo kakaingia pembeni, mbali na nyama. Akakaacha, akakipitisha kioo kwenye mashine, akatuma picha.

Simu ililia saa tisa alasiri. "Hapa sasa nasoma," daktari alisema. Kisha: "Mwambie mama aende zake kwa amani. Ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Naweka sahihi."

Mama fundi alipopewa karatasi aliisoma mara mbili, akauvua utepe shingoni, akaurudisha tena. Wifi alimsindikiza hadi nje, chini ya kibao.

Kesho yake Shangazi alimpigia binti wa kampuni. "Tunaichukua. Ila zile picha za siku tisa za mwanzo, mwanangu, zifute. Zilikuwa za wageni."

Binti alicheka sana. "Mama, karibu kila ninakopeleka hii mashine huwa wananipa za wageni."

Kisanduku cha mbao sasa kina vioo vya kila namna, vyembamba kwa vinene, na wanafunzi wakija huambiwa wapitishe ukucha ukingoni wataje tofauti. Juu ya chupa ya gundi pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa Shangazi: Tone moja. Akitokea mgeni wa kuuliza sababu, wifi ndiye anayewahi kumsimulia.