Miguu ya Njoo Kesho

Mume wangu ni fundi cherehani, na wateja walimbatiza Njoo Kesho. Alistahili. Hata gauni langu la harusi nililipata asubuhi ya harusi yenyewe, pindo likiwa bado na pini.

Alipougua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, alilazwa akaanza kudungwa sindano kila siku. Kitanda cha pili alilala dereva wa lori. Sindano zilimponya kifua, zikaondoka na masikio yake. Mkewe alikuwa akimwandikia kwenye karatasi, "Unataka chai?" Kwa hiyo madaktari walipotafuta watu wa kujaribu vidonge vipya visivyo na sindano, mume wangu aliweka sahihi siku hiyo hiyo. Hilo hakulisogeza hadi kesho.

Mwezi wa tatu kikohozi kilikata, makohozi yakapimwa yakaonekana safi. Nikaanza kupata usingizi. Halafu jioni moja akaingia na kandambili mguu mmoja.

"Nyingine umemwachia nani?" nikamtania.

Akatazama chini, akashtuka kuliko mimi. Ilikuwa imemvuka njiani, naye hana habari. Kicheko kikanikauka. Nikakumbuka kwamba siku hizi akishona hutazama pedeli, si kitambaa.

"Miguu imekufa ganzi," akasema. "Tangu mwezi jana. Usimwambie nesi, mama watoto. Watanitoa kwenye utafiti, wanirudishe kwenye sindano."

"Mwambie mwenyewe basi."

"Nitamwambia. Kliniki ijayo."

Namjua mtu niliyeolewa naye, na bado nilinyamaza. Niliogopa. Nilishajiona nikimwandikia kwenye karatasi.

Kila kliniki, kupima ganzi, nesi hugonga kiganjani kichuma chenye meno mawili, kikaanza kutetemeka, akakigusisha kidole gumba cha mguu. Mume wangu alikuwa akisubiri kifike kidoleni, anasema, "Nasikia, dada." Miezi miwili ilipita hivyo. Mwezi uliofuata nesi alikiweka kimya kimya, bila kukigonga. Niliona.

"Kinatetemeka?"

"Vizuri kabisa, dada."

Nesi akakiweka mezani. "Kaka, sikukigonga."

Akanigeukia mimi. Nikamweleza yote, hata ya kandambili.

"Wenzake wawili walipata ganzi wakasema," akatuambia, bila hasira. Afadhali angefoka. "Tuliwapunguzia kidonge kimoja, kile kinacholeta ganzi. Bado wako kwenye utafiti."

"Na miguu yao?"

"Ilirudi. Lakini wao walisema wiki ya kwanza."

Akaanza kuandika. Nikainama kumvisha mume wangu viatu, na kwa hasira na woga nikakishika kidole chake kidogo, nikakifinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, nikingoja apige kelele. Yeye alikuwa anamuuliza nesi arudi lini.