Itifaki Imezingatiwa

Mgeni wetu alikuwa balozi mwandamizi kutoka nyumbani, aliyetumwa Johannesburg kutuliza mambo baada ya maduka ya wageni kuchomwa mjini. Mkutano ulipangiwa ukumbi wa kanisa Joubert Park, wanakoishi waliochomewa. Siku mbili kabla, walinzi wake wakasema huko si salama. Tukahamishiwa hoteli moja ya kaskazini, mtaa ambao msiba wake mkubwa ni mbwa wa mtu kupotea.

Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu. Naishi mtaa wa Observatory, nafanya kazi benki, na sikuchomewa hata kijiti cha kiberiti. Lakini saluni ya msusi wangu wa Joubert Park iliteketea, na pasipoti yake ndani. Wiki ileile mama yake akafariki nyumbani, mazishi Jumamosi. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Msaidizi wa balozi aliniambia kwenye simu kwamba mzee akimsikia kwa masikio yake, ataagiza hati ya dharura ya kusafiria iandikwe papo hapo. Nikamwahidi msusi, "Wewe utakuwa wa kwanza, salamu zikiisha."

Salamu zikiisha! Na watu wangu ninavyowajua, sijui nilitoa wapi ujasiri wa kusema vile.

Balozi alichelewa, akaingia amekunja uso, maana kikao chake cha asubuhi na wenyeji kilikuwa cha moto. Alikuwa na saa moja tu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mchungaji akaomba mpaka akawaombea marubani. Mwenyekiti akasimama, akasema, "Itifaki imezingatiwa," kisha akamtaja kila aliyeketi meza kuu, na mkewe, na shule aliyosoma. Mweka hazina naye, itifaki imezingatiwa. Kiongozi wa akina mama, itifaki imezingatiwa, na wimbo juu. Nilimkanyaga mwenyekiti mguu chini ya meza ili awakatize. Akadhani namhimiza, akaomba nafasi ya kuongeza mawili matatu. Nilitamani kummwagia jagi la maji. Msusi alikuwa nyuma karibu na mlango, bahasha ya fomu mapajani. Kila salamu ikiisha anainuka nusu, halafu anaketi.

Zikabaki dakika kumi. Kwenye ratiba, niliyoiandika mwenyewe, palikuwa na mambo mawili: neno la shukrani, ambalo lilikuwa langu, kisha maswali ya wananchi. Nililitanguliza la shukrani, eti mgeni asije akaondoka bila kushukuriwa. Ningeweza kuliruka. Lakini nilikuwa nimeliandika kwa siku tatu, na nimelinunulia suti. Nikasimama.

"Itifaki imezingatiwa," nikasema.

Nilipomaliza, walinzi walikuwa wameshamwinua balozi. Msusi akamkimbilia, wakamzuia mlangoni. Msaidizi aliipokea bahasha, akasema litashughulikiwa Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda kwa msusi, ghorofa ya saba. Tulikuwa wanne chumbani, tukatazama kwenye simu, iliyoegemezwa kwenye birika, mama yake akizikwa. Walipomaliza kufukia kaburi nikaanza kumwomba radhi. Nilijichukia.

"Eish, wacha, dada," akasema, akinishika mkono. "Uliongea vizuri. Hata mimi nilipiga makofi."